Protini mpya zinaendelea kuonekana hata baada ya sikloheksimidi. Alama inatoka wapi?

#1 MtuWaJeli
Wakuu, habari za kazi. Wiki ya tatu sasa nahangaika na jeli moja, naomba macho ya wengine.

Nataka kuona protini zilizotengenezwa ndani ya saa mbili tu, si zile zilizokuwemo kwenye seli tangu jana. Seli ni HeLa. Nilizinyima methionini (asidi amino, mojawapo ya matofali ya protini) kwa dakika 30, nikazipa AHA (azidohomoalanini) milimola 1 kwa saa mbili, nikazivunja, nikafanya kliki ya shaba (mmenyuko wa kuunganisha molekuli mbili) kubandika baiotini yenye alkini, nikazitenganisha kwa ukubwa kwenye jeli, nikahamishia kwenye utando na kusoma kwa streptavidini, protini inayonasa baiotini.

Safu ya AHA imejaa toka juu hadi chini. Safu ya methionini ya kawaida karibu ni tupu, ina mistari miwili mitatu tu. Shida ni safu ya AHA pamoja na sikloheksimidi (dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini), mikrogramu 50 kwa mililita. Nilitegemea iwe tupu. Badala yake kuna ukungu kuanzia kilodaltoni (kipimo cha ukubwa wa protini) 15 hivi mpaka 70, kwa macho kama moja ya tano ya safu iliyojaa.

Ribosomu, mashine za seli za kutengeneza protini, nimezifunga. Sasa nani anatengeneza hizo protini?

#2 MsomaTu
Mkuu, wengine tunasoma kwa kupenda tu. AHA ni nini, na kwa nini seli ikubali kula kitu kisicho chakula chake?

#3 DadaFrankfurt
@MsomaTu mfikirie fundi cherehani mwenye duka lililojaa kanzu. Unataka kujua zipi zimeshonwa leo. Huwezi kuzitambua kwa kuzitazama, zote nyeupe. Basi asubuhi unamwondolea kopo lake la vifungo na kumwekea vifungo vinavyofanana kabisa na vyake, ila kila kimoja kina kitanzi kidogo kwa nyuma. Yeye anashona kama kawaida. Jioni unapitisha ndoana: kanzu inayonasa ni ya leo.

Kifungo ni methionini. AHA imefanana nayo kiasi kwamba kimeng'enya kinachopakia methionini kwenye tRNA (mbebaji anayeipeleka kwenye ribosomu) kinaipakia na hiyo, ingawa polepole sana kuliko methionini yenyewe. Ndiyo maana lazima kopo la kwanza liondolewe. Methionini ikiwepo, AHA haifui dafu. Kitanzi ni azidi, kundi la naitrojeni tatu ambalo seli za binadamu hazina. Ndoana ni alkini. Mbinu hii inaitwa BONCAT, ilitoka mwaka 2006 kwa Dieterich, Tirrell, Schuman na wenzao. Ile ya kuona kwa darubini, FUNCAT, ikafuata 2010. Kemia ya kliki yenyewe ndiyo iliyowapa Bertozzi, Meldal na Sharpless tuzo ya Nobel ya 2022.

@MtuWaJeli swali kabla sijasema lolote: ile safu ya methionini ilipita kwenye kliki ileile, shaba ileile, siku ileile?

#4 MtuWaJeli
Ndiyo dada, mirija yote ilikuwa kwenye kibanio kimoja.

#5 PwaniMkemia
Mimi nasema hakuna protini mpya hapo. Ni shaba.

Baiotini yenye alkini, shaba ikizidi, hushika hata sisteini (asidi amino nyingine) za protini za zamani. Sisi tunaofanya kliki kila wiki tunajua kwamba ukiweka alkini upande wa ndoana uchafu unakuwa mwingi kuliko ukiweka azidi upande huo. Badilisha: lisha seli HPG, ambayo ni methionini yenye alkini, kisha ndoana iwe azidi. Tumia askobati mbichi ya siku hiyo, na THPTA ya kutosha kuishika shaba. Na niambie kwenye bufa ya kuvunjia seli kulikuwa na EDTA au DTT? EDTA inameza shaba yote, na DTT inaishika shaba na inaweza kuiharibu azidi kabla hujafika popote.

Na ile mistari miwili mitatu kwenye safu ya methionini isikusumbue. Kama iko karibu na 75 na 130, hizo ni kaboksilesi za mitokondria (vimeng'enya vya vinu vya nishati ndani ya seli), zilizozaliwa na baiotini yao. Streptavidini inaziona kwa kila mtu, duniani kote.

#6 DadaFrankfurt
@PwaniMkemia kuhusu 75 na 130 niko nawe. Ila kwenye #4 amejibu kwamba methionini ilipita kwenye shaba ileile na ilitoka tupu. Alkini ingekuwa inashika sisteini, ingezishika na huko pia. Ukungu uko pale tu AHA ilipokuwepo, kwa hiyo hauwezi kuwa shaba peke yake.

#7 Mzee_wa_Salfa
Vijana, hamjambo. Nimestaafu kazi ya fundi wa maabara, lakini swali hili nimeliona mara nyingi kabla hizo azidi hazijaanza.

Enzi zetu alama ilikuwa salfa 35. Methionini ileile, atomu moja tu ya salfa ndiyo yenye mionzi, kwa hiyo ribosomu haina hata cha kukosea. Kwake ni methionini kamili. Mnaweka dakika chache, mnamwagia methionini nyingi ya kawaida ili kuzima, kisha mnafuatilia zile zilizopata alama zinakwenda wapi. Jamieson na Palade mwaka 1967 walifanya hivyo kwenye vipande vya kongosho la pimbi wa maabara (guinea pig), kwa lusini (asidi amino nyingine) yenye haidrojeni ya mionzi, dakika tatu tu, wakaiona protini ikisafiri kutoka retikulamu hadi Golgi, vyumba vya ndani ya seli, hadi kwenye vifuko vya kutolea nje. Palade akapata Nobel ya 1974 pamoja na Claude na de Duve. Dakika tatu! Hizo saa mbili zako kwangu mimi ni siku nzima.

Salfa 35 nusu yake inapotea kwa siku 87. Kuna mzigo wetu uliwahi kukaa kwenye ghala la forodha hadi ulipotufikia tukawa tunahesabu kilichobaki kwa kalamu. Na methionini hiyo hutoa mvuke wenye mionzi, chupa unaifungua kwenye chemba ya moshi, na ndani ya inkubeta tunaweka sahani ya mkaa. Kwa hiyo sisemi mrudi huko. Ninachosema ni hiki: hata sisi safu ya sikloheksimidi haikuwahi kuwa tupu kabisa. Uliiweka dawa muda gani kabla ya alama?

#8 MtuWaJeli
Shikamoo mzee. Niliziweka pamoja, sikloheksimidi na AHA kwa wakati mmoja. Dawa yenyewe ilikuwa ya kwenye friza, nimeikuta pale nilipoanza kazi. EDTA sikuweka, DTT sikuweka.

#9 Mzee_wa_Salfa
Marahaba. Basi hapo pana mambo mawili. Tanguliza dawa dakika 15 hadi 30, seli iwe imesimama kabla kifungo kipya hakijaingia. La pili, sikloheksimidi huharibika upesi kwenye alkali. Midia (majimaji ya kukuzia seli) ikikaa nje ya kaboni dayoksaidi ikageuka rangi ya zambarau, na dawa nayo inaondoka. Tengeneza mpya.

#10 Bi_Mito
Naona wote mnazunguka na hamsemi jibu lililo wazi. Sikloheksimidi inafunga ribosomu za saitoplazimu, yaani ute wa seli. Haigusi ribosomu za mitokondria! Seli ya binadamu ina protini 13 zinazotengenezwa ndani ya mitokondria kwenyewe, kutoka ND5 yenye kilodaltoni kama 67 hadi ATP8 isiyofika 10. Sisi tunaofanya kazi hiyo tunaweka sikloheksimidi au emetini, dawa nyingine ya aina hiyo, makusudi ili zibaki hizo 13 peke yake. Ukubwa aliousema kwenye #1 unalingana.

@MtuWaJeli weka kloramfenikoli, inayofunga ribosomu za mitokondria, pamoja na sikloheksimidi. Ukungu ukiondoka, umepata jibu. Na usichemshe sampuli, protini zile zinapenda mafuta, ukichemsha zinagandana na kubaki juu ya jeli.

#11 PwaniMkemia
Bi_Mito, protini 13 zingetoa mistari 13, si ukungu. Na moja ya tano ya protini zote mpya za seli haiwezi kuwa mitokondria. Uwiano huo haupo.

#12 DadaFrankfurt
Hiyo "moja ya tano" nayo tusiiamini sana. Mwanga wa kimeng'enya kwenye utando unafika kikomo. Safu iliyojaa imekwishagota juu, haiwezi kung'aa zaidi, kwa hiyo safu dhaifu inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Punguza safu ya kwanza mara 5, mara 20, mara 50, uzipange pembeni, ndipo useme ni ngapi. Inawezekana unagombana na asilimia mbili.

#13 MsomaTu
Samahani natoka nje ya mada. HeLa ni jina la mtu?

#14 Mzee_wa_Salfa
Ndiyo. Henrietta Lacks, mama mweusi wa Marekani. Seli zilichukuliwa kwenye uvimbe wake wa shingo ya kizazi huko Baltimore mwaka 1951, yeye hakuulizwa, na akafariki mwaka huohuo. Kila anayefungua chupa ya HeLa anapaswa kulijua jina hilo.

#15 VimeleaTu
Asante mzee kwa kulisema. Sisi tunaokuza vimelea vya malaria tunategemea damu ya watu wanaoketi mbele yetu na kutia saini, na kila mfuko nikiushika nakumbuka kuna mtu nyuma yake.

Nirudi kwenye mada, maana kwetu swali la #1 linapata sura nyingine. *Plasmodium falciparum* tunamkuza ndani ya chembe nyekundu za damu, njia ya Trager na Jensen ya 1976. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala ribosomu. Kwa hiyo alama yoyote mpya inapaswa kuwa ya kimelea, si ya mtu. Raha iliyoje! Kisha nikapima damu isiyo na vimelea, na safu ikawa na alama. Nilikaa kimya maabara siku mbili.

Yalikuwa retikulosaiti, chembe changa zilizotoka kwenye uboho juzi na bado zina ribosomu zake. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama moja katika kila mia, lakini mchangiaji akiwa na ugonjwa unaovunja damu, mfano selimundu, zinakuwa nyingi zaidi. Na chembe nyeupe zikipita kwenye chujio, nazo zinatengeneza protini kwa nguvu. Tangu hapo kila mfuko mpya naupima mtupu kwanza.

Pia kwetu kopo la vifungo alilolisema Dada halimwagiki lote. Kimelea anakula hemoglobini na anajipatia methionini humo humo. Hata midia ikiwa haina methionini, ndani anayo.

#16 KijanaWaBenchi
Si mnatumia haipozanthini yenye mionzi? Nilifundishwa ndiyo inayopima protini mpya za kimelea wakati wa kujaribu dawa.

#17 VimeleaTu
Hapana ndugu yangu, haipozanthini inaingia kwenye DNA na RNA. Inapima kukua kwa kimelea, si protini. Kwa protini, asidi amino nzuri kwetu ni isolusini, kwa sababu hemoglobini ya mtu mzima haina isolusini hata moja. Kimelea lazima aitoe nje, kwa hiyo ukiiwekea mionzi hapo nje utaipata ndani bila mshindani.

#18 KijanaWaBenchi
Asante, nimeelewa. Ningelijua hilo mapema.

#19 MwanaGoma
Nimesoma yote, hakuna aliyeuliza: seli zina maikoplazma?

Ni bakteria mdogo asiye na ukuta, penisilini haimpati, midia haichafuki, darubini ya kawaida haimwoni. Ana ribosomu za kibakteria, na sikloheksimidi haimfanyi kitu. Anakula AHA yako usiku kucha. Na ana mamia ya protini, si 13. Ndiyo maana ni ukungu, @PwaniMkemia, na si mistari.

Nilipoteza miezi saba ya kazi kwa mdudu huyo. Seli tulipewa na maabara jirani, nikaziamini kwa sababu wenyewe walikuwa watu wema. Fanya PCR ya 16S, jeni la ribosomu za bakteria, na paka rangi ya DNA uangalie madoa nje ya kiini.

#20 MtuWaJeli
Nimerudi. Sikloheksimidi mpya, imetangulia dakika 20: ukungu umepungua, haujaisha. Safu ya kwanza nimeipunguza kama alivyosema dada #12. Iliyobaki inalingana na ile ya mara 20, yaani asilimia 5 hivi. Nikaongeza kloramfenikoli: umepungua tena, karibu nusu ya uliokuwepo.

#21 Bi_Mito
Mitokondria. Nilisema.

#22 MwanaGoma
Dada yangu pole pole. Kloramfenikoli inafunga ribosomu za bakteria pia, ndiyo kazi yake ya asili. Kipimo chako hakitofautishi mitokondria na maikoplazma hata kidogo. Wote wawili wangepungua vilevile.

#23 Bi_Mito
Hilo ni kweli, nakubali. Lakini PCR yake hatujaiona, na mitokondria iko kwenye kila HeLa bila kuhitaji PCR.

#24 PwaniMkemia
Na nusu iliyobaki baada ya dawa zote mbili? Hapo kuna ribosomu gani? Narudi kwenye shaba, na kwenye HPG.

#25 DadaFrankfurt
Au hapo kuna ribosomu zilezile za saitoplazimu ambazo dawa haikuzifunga zote. Sikloheksimidi inapunguza kwa zaidi ya tisini kwa mia, hilo si sawa na sifuri. Nusu ya asilimia 5 inaenea humo bila shida.

Ushauri: tumia njia isiyopita kwenye methionini kabisa. Puromisini. Inaiga ncha ya tRNA iliyobeba tairosini, inaingia kwenye ribosomu, inaunganishwa kwenye mnyororo na mnyororo unakatika hapo. Kingamwili dhidi ya puromisini inasoma vipande vyote. Mbinu hii inaitwa SUnSET, ya mwaka 2009. Dakika 10 zinatosha, hakuna kunyima chakula, hakuna shaba. Kontroli (sampuli ya kulinganishia) iwe na anisomisini, ambayo inaziba mahali puromisini inapokaa.

#26 Mzee_wa_Salfa
Ila kumbukeni puromisini inakata. Unachosoma ni vipande, si protini nzima. Huwezi kukifuatilia kinakwenda wapi, kinaozeshwa upesi. Kuhesabu kasi, sawa. Kufuata safari, hapana.

#27 DadaFrankfurt
Kweli kabisa mzee. Na wale wanaotaka kuonyesha mahali ribosomu ilipo ndani ya seli wajihadhari zaidi: mwaka 2020 tafiti mbili zilionyesha kwamba peptidi zenye puromisini zinaachia ribosomu na kuondoka hata emetini ikiwepo, wakati wengi tulidhani emetini inazishikilia hapo.

#28 MtuWaJeli
Wakuu, nimefanya SUnSET na nimechanganyikiwa zaidi. HeLa za kawaida: safu imejaa, anisomisini imeizima vizuri. Lakini nina HeLa nyingine, ambazo jeni moja limenyamazishwa, ndizo hasa za utafiti wangu. Hizo hazina kitu. Tupu! Kwa AHA zilikuwa na protini mpya kama kawaida. Je, jeni langu linazuia utengenezaji wa protini kiasi hicho? Msimamizi amefurahi, anataka tuandike.

#29 VimeleaTu
Usiandike! Hizo seli ulizichuja kwa dawa gani baada ya kuingiza vekta, kile kibebeo cha jeni?

#30 MtuWaJeli
Puromisini.

#31 VimeleaTu
Ndugu yangu, vekta yako imebeba jeni la PAC, la kinga dhidi ya puromisini. Kimeng'enya chake kinabandika kundi la asetili kwenye puromisini, palepale ambapo ingeunganishwa na mnyororo. Seli zako zinaiua alama kabla haijafika kwenye ribosomu. Hujapima protini mpya, umepima kinga ya dawa. Na puromisini yenye alkini, OPP, itakutendea vilevile maana sehemu hiyo iko wazi nayo. Kwa seli hizo baki na AHA au HPG.

Nami nilifanyiwa uokozi huohuo na mtu nisiyemjua, wiki moja kabla ya bango la mkutano kuchapishwa.

#32 MtuWaJeli
Nimekaa chini. Asante sana. Nimempigia msimamizi, tumesimamisha.

#33 KijanaWaBenchi
Kwa hiyo kontroli ilitakiwa kuwa seli zenye vekta tupu, yenye PAC lakini bila kunyamazisha kitu?

#34 DadaFrankfurt
Hasa. Zingetoka tupu nazo, na angejua siku ya kwanza.

#35 Mzee_wa_Salfa
MtuWaJeli usivunjike moyo. Kuna wenye majina makubwa waliochapisha kwanza na kuulizwa baadaye. Wewe umeuliza kwanza.

#36 MtuWaJeli
Marejeo ya leo. PCR ya 16S kwenye midia: hasi, mara mbili. Rangi ya DNA: sahani moja safi, sahani nyingine ina vidoa vichache karibu na ukingo wa seli, sijui ni nini. HPG kama alivyotaka PwaniMkemia, ndoana ya azidi: mistari ya 75 na 130 ipo palepale, ukungu chini ya dawa zote mbili umepungua lakini haujaondoka.

#37 PwaniMkemia
Umepungua baada ya kubadilisha ndoana tu. Basi sehemu yake ilikuwa kemia.

#38 Bi_Mito
Au HPG inapokelewa tofauti na mitokondria kuliko AHA. Pakia sampuli ambayo haijachemshwa, jeli ndefu, utafute mistari 13.

#39 MwanaGoma
Vidoa karibu na ukingo wa seli ndipo anapopenda kukaa. Hukupima seli zenyewe, ulipima midia. Kwarua seli, ziingize kwenye PCR, utuletee jibu.

#40 MtuWaJeli
Nimezikwarua. Ziko kwenye barafu. Mashine inaachwa na mwenzangu saa kumi.